Savannah baada ya zamu ya usiku: jibu kwa dada wa Clarkston

"Mimi na mume wangu tunaishi Clarkston, pembeni mwa Atlanta, Georgia, huu ni mwaka wa pili tangu tutoke Morogoro. Katikati ya Oktoba tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tumeamua kwenda Savannah kuona mto, meli na nyumba za kale, halafu tufike kisiwa cha Tybee maana nimeikumbuka bahari. Mume wangu anafanya zamu ya usiku kwenye ghala. Zamu ya Ijumaa inaisha saa 12 asubuhi ya Jumamosi. Anataka tuondoke saa 1 asubuhi hiyo hiyo, tuzunguke mchana, saa 12 jioni tugeuze, ili Jumapili niwahi kwaya. Anasema ni saa nne tu za barabara, nyumbani ameendesha Dar hadi Dodoma mara nyingi na hajawahi kupata shida. Mimi nina lena, naweza kumpokea usukani yeye akajinyoosha kidogo. Lakini moyo wangu mzito. Tena wifi yangu anatuambia Savannah ni mji wa watumwa na mizimu, si mahali pa kusherehekea ndoa. Utatushauri nini?"

Dada yangu, hongereni kwa miaka kumi. Moyo wako una haki ya kuwa mzito, ila kinachouelemea si umbali wala mji wa Savannah. Ni saa. Shemeji anahesabu saa nne za barabara. Mimi ninayefundisha watu udereva huanza kuhesabu tangu mtu alipoamka.

Tuhesabu pamoja. Mtu wa zamu ya usiku huamka kwenye saa 10 jioni, akala, akajiandaa. Tuseme Ijumaa hiyo shemeji ameamka saa hiyo, akaenda ghalani, akashinda usiku kucha kwenye miguu yake. Mnapowasha gari saa 1 asubuhi, ameshakaa macho saa 15. Saa 3 asubuhi mmeshaupita mji wa Macon, mko kwenye I-16, barabara kuu inayokwenda Savannah, anatimiza saa 17. Saa 10 jioni mnapiga picha mtoni, anatimiza saa 24. Mkifika nyumbani saa 4 usiku atakuwa na saa 30 bila usingizi, na nne za mwisho kati ya hizo amezimaliza akiwa ameshika usukani, sehemu kubwa gizani. CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulikia kinga ya magonjwa, inaeleza kwamba aliyekaa macho saa 17 huwa na akili na mikono ya mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na aliyefikisha saa 24 ni kama mwenye 0.10. Hapa Georgia ukikutwa na 0.08 unafungwa pingu. Kwa hiyo safari ya kurudi, shemeji ambaye hajagusa hata tone, atakuwa anaendesha kama mtu aliyelewa kupita kiwango cha sheria.

Wengi hudhani usingizi ni suala la kujikaza, kwamba mwanamume mwenye nia hasinzii. Si hivyo. Mwilini mambo mawili hufanya kazi pamoja. La kwanza ni uchovu unaojikusanya kwenye ubongo kila saa unayokaa macho, na hakuna kinachouondoa isipokuwa kulala. La pili ni saa ya mwili, inayoushusha mwili kila siku kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena kidogo mchana kuanzia kama saa 8. Yakikutana mawili hayo, ubongo hauombi ruhusa. Unajizima sekunde tatu au nne, macho yakiwa yamefumbuka, kisha unarudi na mwenyewe hujui kama ulikuwa umeondoka. Kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, sekunde nne ni mita 125. Huo ni uwanja mzima wa mpira na zaidi, na hakuna aliyeshika usukani.

Niliyaona haya kwa macho yangu nikiwa abiria, kwenye I-16 hiyo hiyo, si mbali na mji wa Metter. Rafiki yangu alikuwa anaendesha, tunazungumza, kisha akawa hajibu. Nikamtazama: macho wazi, mikono mahali pake. Gari likaanza kuegemea kulia polepole, kama mtu anayesinzia kwenye benchi la kanisa. Matairi yakapanda ile mikwaruzo iliyochongwa pembeni mwa lami, gari zima likanguruma, kahawa ikaruka kutoka kwenye kikombe ikanimwagikia magotini. Akashtuka, akarudisha usukani, akaniuliza, "Kuna nini?" Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, na mimi ndiye nilimweleza kilichotokea. Tangu siku hiyo mwanafunzi wangu yeyote akiniambia "mimi huwa silali barabarani", namsimulia ile kahawa.

Kufungua dirisha, kupandisha muziki, kutafuna bigijii, kujipiga makofi, yote hayo hukuamsha dakika chache tu. Kahawa inasaidia kweli, lakini huchukua kama nusu saa kuingia kazini, na inaficha uchovu bila kuuondoa. Kinachosaidia mtu akiwa tayari njiani ni kutoka barabarani, kuegesha penye mwanga na watu, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 20. Anaamka kahawa nayo ndiyo inaanza kufanya kazi. Hiyo ni dawa ya kumfikisha mahali pa kulala. Haitoshi kumpa saa nne nyingine za safari.

Kuhusu lena yako, wazo lako ni la upendo, lakini halitawasaidia. Sheria ya Georgia inataka mwenye lena akae na mtu wa miaka 21 au zaidi, mwenye leseni kamili, kwenye kiti cha pembeni yake, akiwa katika hali ya kuweza kulimudu gari. Mtu anayekoroma hayuko katika hali hiyo. Mbali na sheria, fikiria mwenyewe: unajifunza, malori ya makontena yanakupita kushoto, na mwalimu wako amelala. Ushike usukani, ndiyo, ila uwe kwenye mitaa ya Clarkston siku nyingine shemeji akiwa macho makavu.

Sasa ile ya Dar hadi Dodoma. Shemeji hasemi uongo. Kilomita zinakaribiana: kutoka kwenu hadi Savannah ni kama 400, na Dar hadi Dodoma ni kama 450. Lakini barabara ya nyumbani haikuachi usinzie. Unatoka Chalinze unaingia kwenye kibao cha 50, mbele kuna tuta, trafiki kajificha na tochi chini ya mwembe, Gairo watu wanavuka, Kibaigwa malori ya mahindi yamepanga foleni, basi linakupita kwenye kona na kukutoa jasho. Ubongo unapata kazi kila dakika. I-16 haina hata moja kati ya hayo. Ni zaidi ya maili 160 za lami iliyonyooka, misonobari kulia, misonobari kushoto, ardhi tambarare kama meza, na sehemu nyingine unakwenda maili nyingi bila kuona kituo cha mafuta. Upweke wa barabara hauleti usingizi. Unachofanya ni kuufunua ule ambao mtu alikuja nao kutoka kazini. Ukiongeza gari linalojishikia mwendo lenyewe, mguu nao unakosa kazi.

Na kuna jambo ambalo ramani ya simu haitawaambia. Katikati ya Oktoba jua la Georgia linachomoza kama saa 1 na dakika 40 asubuhi, na I-16 kutoka Macon inaelekea mashariki ikikata kidogo kusini. Mkiondoka saa 1, mtaingia I-16 jua likiwa limesimama mbele yenu usawa wa macho, kwa dereva ambaye tangu jana hajalala.

Nini cha kufanya basi? Ninalolipenda kuliko yote ni shemeji aombe ruhusa ya usiku mmoja tu, ule wa Ijumaa. Alale usiku kama watu wengine, muondoke Jumamosi saa 3 asubuhi jua likiwa limepanda, mlale Savannah, mrudi Jumapili saa 8 mchana baada ya chakula. Mtafika nyumbani kabla ya giza. Kwaya utaiomba radhi mara moja kwa mwaka, na ibada hamtaikosa, nitakuonyesha mahali.

Kama ruhusa haipatikani, lipo la Jumapili. Atoke kazini Jumamosi asubuhi, alale, usiku wa Jumamosi alale tena, Jumapili mwimbe, mle, na mwondoke baada ya ibada kwa sharti kwamba Jumatatu hakuna kazi. Vyumba vya hoteli usiku wa Jumapili mara nyingi huwa nafuu kuliko vya Jumamosi. Ubaya wake ni kwamba mtafika jioni na kuuona mji siku moja tu ya Jumatatu. Wapo watakaokushauri alale Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha mwondoke. Silikatai kabisa, ila usingizi wa mchana, watoto wa jirani wakicheza na simu ikiita, mara nyingi hugeuka kuwa saa tatu badala ya saba. Akishindwa kulala saa sita kamili, msafara uahirishwe, bila ubishi na bila kununiana. Mpatane hilo mapema, Jumatano, wakati hakuna aliyechoka.

Basi la abiria nalo lipo kati ya Atlanta na Savannah. Halitawapa uhuru wa kwenda Tybee mnavyotaka, lakini mtu anaweza kulala humo njia nzima.

Njia yenyewe ni rahisi. Kutoka Clarkston msiingie katikati ya Atlanta. Chukueni I-285 upande wa mashariki kushuka kusini, mwingie I-675, itawaingiza I-75 mkiwa mmeliacha jiji nyuma. Kwenye I-75 kusini mwa Atlanta kuna njia za kulipia zilizotengwa katikati. Kama hamna kibandiko chake kwenye kioo, kaeni nje. Mkikaribia Macon, kibao kitawaonyesha I-475 ya kuzunguka mji. Msiifuate, maana hiyo ni ya wanaokwenda Florida na inaipita I-16 kando. Bakini I-75 mpaka I-16 yenyewe. Kuanzia hapo namba za njia za kutokea zinahesabu maili kutoka Macon: mkiona 51 mko Dublin, 104 mko Metter, mkifika 157 mmekutana na I-95 na mji uko karibu. Jazeni mafuta Macon au Dublin bila kusubiri taa iwake. Karibu na Dublin kuna maeneo ya mapumziko ya serikali pande zote mbili za barabara, yana vyoo na meza. Simameni pale hata kama hamjachoka, mtembee dakika kumi.

Mengine machache ya kisheria, kwa kuwa shemeji alijifunzia nyumbani. Simu haishikwi mkononi, Georgia inakataza tangu Julai 2018. Mvua ikinyesha taa za mbele ziwake, hata mchana. Mwendo wa maili 85 kwa saa au zaidi unaleta faini ya jimbo ya dola 200 juu ya faini ya mahakama. Na askari akiwasimamisha, shemeji asifungue mlango kumfuata na leseni mkononi kama tulivyozoea. Hapa mtu akitoka garini bila kuambiwa huonekana tishio. Asimame pembeni, ashushe kioo, mikono juu ya usukani ionekane, na kabla ya kupeleka mkono kwenye dashibodi aseme anachokwenda kuchukua.

Nisikuchoshe na barabara, maana mji ndio utamu wenyewe. I-16 inaishia ndani kabisa ya Savannah, mtaa wa Montgomery. Hapo ushauri wangu ni mmoja: egesheni gari, mlisahau. James Oglethorpe, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Georgia, alipoupima mji huu mwaka 1733, aliugawa kwa vitongoji, kila kimoja na uwanja wake wa wazi katikati, viwanja 40 vya nyumba vikiuzunguka kaskazini na kusini, na mashariki na magharibi nafasi za makanisa na majengo ya umma. Mji ulipokua, waliongeza kitongoji kingine cha namna ileile. Viwanja vya wazi vikafika 24, na 22 vipo mpaka leo. Maana yake kwa mtembea kwa miguu ni kwamba kila dakika mbili au tatu unaingia kwenye kivuli na benchi. Maana yake kwa dereva ni kwamba barabara inakatwa kila mara na kila uwanja ni kama kipilefti. Na hapo ndipo mtego ulipo. Jina lenyewe kipilefti linatukumbusha kushika kushoto, na mikono ya shemeji imeshika hivyo miaka mingi. Savannah unashika kulia, unazunguka kinyume na mshale wa saa, na aliye ndani anapewa nafasi. Chini ya uwanja wa Ellis kuna maegesho ya jiji, mlango wake uko mtaa wa Whitaker. Mkiegesha mtaani, someni kibao chote mpaka mwisho. Mitaa hufagiwa usiku kwa zamu, na gari lililobaki huandikiwa faini.

Kutoka jengo la manispaa lenye kuba ya dhahabu, fuateni mtaa wa Bull kuelekea kusini. Ni kama kilomita moja na nusu mpaka chemchemi ya bustani ya Forsyth, na njiani mtapita viwanja vitano. Cha kwanza, Johnson, ndicho cha zamani kuliko vyote. Kwenye cha pili, Wright, alizikwa Tomochichi, mzee wa Wayamacraw, wenyeji wa asili wa hapa, aliyempokea Oglethorpe. Miti ya mialoni imetandaza matawi juu ya njia, na majani ya kijivu yananing'inia kama ndevu. Mkae tu. Wenye miaka kumi ya ndoa wanastahili kukaa kwenye benchi bila kuangalia saa.

Mto uko upande wa pili wa jengo hilo la manispaa, chini ya gema. Tazama unapokanyaga, maana njia za kushukia River Street zimesakafiwa kwa mawe ya farumi. Wewe umezaliwa Morogoro, labda farumi hukuisikia sana, lakini watu wa pwani wanaijua: jahazi likienda bila shehena huwekwa uzito chini ili lisipinduke. Meli zilizokuja kuchukua pamba zilifika zikiwa nyepesi, zimejazwa mawe, zikayamwaga hapa na kupakia marobota. Mji ukaokota mawe hayo ukajengea kuta na njia. Hakuna mawili yanayolingana, na mvua ikinyesha yanateleza. Viatu vyenye visigino viache hotelini. Ngazi za zamani nazo zina vipandio visivyo sawa, shikeni chuma cha pembeni.

Mkiwa pale chini subirini meli. Bandari kubwa ya makontena iko juu zaidi ya mto kuliko mji, kwa hiyo kila meli inayokwenda huko lazima ipite mbele ya River Street, karibu kiasi kwamba unaona mabaharia sitahani. Makontena yamepangwa juu kuliko paa za maghala ya zamani, na meli inakwenda taratibu, bila kishindo. Kwenye mto huo kuna kivuko cha bure kinachovusha watu hadi kisiwa cha Hutchinson na kurudi. Pandeni jioni. Hiyo ndiyo sherehe isiyo na kiingilio. Utaona watu wamebeba vikombe vya plastiki vya pombe mitaani, sheria ya mji inaruhusu katika eneo la kihistoria. Dereva wenu atabaki na soda mpaka gari liwe limeegeshwa kwa usiku mzima.

Sasa wifi. Alilosema kuhusu watumwa ni kweli, na ni zaidi ya anavyojua. Oglethorpe na wenzake walipiga marufuku utumwa Georgia mwaka 1735, marufuku ikaondolewa 1751, na pamba iliyopita kwenye mawe yale ya farumi ililimwa na watu waliouzwa. Tarehe 2 na 3 Machi 1859, kwenye uwanja wa mbio za farasi nje kidogo ya Savannah, watu zaidi ya 400 waliuzwa kwa siku mbili kulipa madeni ya mwenye shamba mmoja, Pierce Butler. Wazawa wao wanaziita siku hizo wakati wa machozi. Lakini mwulize wifi: wangapi wameenda fungate Mji Mkongwe wa Zanzibar, wakapita Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa na sasa pana kanisa kuu? Hatukuacha kuoa wala kuolewa Unguja kwa sababu hiyo. Tunakwenda, tunainamisha kichwa pale panapostahili, kisha tunakula urojo. Savannah nendeni kwa moyo huo huo. Mizimu ni biashara ya wenye mabasi ya usiku, msiipe pesa.

Zipeni sehemu tatu muda wenu. Kwenye River Street kuna sanamu ya shaba ya familia ya watu wanne wamekumbatiana, minyororo imeanguka miguuni pao. Iliwekwa mwaka 2002. Kwenye uwanja wa Madison kuna nyumba ya Green-Meldrim, ambako tarehe 12 Januari 1865 jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikikaribia mwisho, alikutana na viongozi 20 wa makanisa ya Weusi. Mzee Garrison Frazier, aliyekuwa amejinunua mwenyewe kutoka utumwani, ndiye aliyesema kwa niaba yao. Walipoulizwa wanahitaji nini ili wajitegemee, jibu lilikuwa ardhi ya kulima wenyewe. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kuwagawia viwanja vya hadi ekari 40 kila familia. Mwaka huo huo rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa wenyewe wa zamani. Mtu aliyelima shamba la mwenzie huko Kilosa hahitaji kutafsiriwa habari hiyo.

Ya tatu ndiyo ibada niliyokuahidi. First African Baptist, kwenye uwanja wa Franklin, ni kati ya makanisa ya kwanza kabisa ya Weusi katika Marekani. Jengo la sasa lilikamilika 1859, mwaka ule ule wa machozi, na lilijengwa na watumwa baada ya kazi za mchana. Kwenye sakafu ya ukumbi wa chini mtaona matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpango wa msalaba ndani ya almasi. Mpango huo unafanana na alama ya watu wa Kongo ya chini, ya mzunguko wa kuzaliwa, kukua, kufa na kurudi. Wenye kanisa wanasimulia kwamba chini ya sakafu hiyo walijificha waliokuwa wanatoroka, na matundu yale yaliwapitishia hewa. Juu watu wanaimba, chini mtu amelala kifudifudi anasubiri usiku. Wewe mwanakwaya, nenda Jumapili uimbe juu ya sakafu ile.

Tybee mwisho, na bahari yake ina sharti moja. Barabara ya kwenda kisiwani ni moja tu, US 80, inapita kwenye vinamasi vya maji ya chumvi karibu sawa na usawa wa maji. Maji ya huku hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya kwetu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita mbili. Bamvua, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda zaidi, na bamvua za miezi ya vuli, Oktoba ikiwemo, ndizo kubwa. Siku kama hizo maji yanaweza kupanda barabarani bila wingu hata moja angani, na waliovuka wanasubiri yapwe. Kwa hiyo kabla ya kwenda angalieni jedwali la maji la kituo cha kupimia maji cha Fort Pulaski, mpange kuvuka saa mbili au tatu mbali na kilele cha kujaa. Mkikuta maji lamini, geuzeni. Ni maji ya chumvi, yanakula gari kwa chini, na hamuoni ukingo wa barabara ulipo. Oktoba pia ingali ndani ya msimu wa vimbunga, unaoisha 30 Novemba, kwa hiyo siku tatu kabla sikilizeni habari. Kimbunga kikielekea pwani, msiende.

Kuna mawili ambayo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Kama shemeji hukoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kidogo halafu akashtuka, na mchana anasinzia hata baada ya kulala saa za kutosha, mpeleke kwa daktari kabla ya safari yoyote ndefu. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Unatibika, na wewe unayelala naye ndiye shahidi wa kwanza, kwa hiyo uingie naye chumbani kwa daktari umweleze ulichosikia. La pili: kama hajawahi kuendesha barabara kuu za hapa zaidi ya nusu saa mfululizo, atafute mwalimu kwa saa moja au mbili, waingie na kutoka I-285 mara kadhaa wakati wa malori. Fundi naye aangalie matairi na lile la akiba, maana I-16 ni ndefu kwa mtu asiye na jeki.

Ruhusa ya Ijumaa aiombe wiki hii. Wasimamizi wa ghala hupanga zamu mapema, na Oktoba mizigo inaanza kuongezeka.